Popi anakula mara moja tu kwa siku na bado ananenepa, tatizo liko wapi?

"Dokta habari za kazi. Tuko Kibosho, nina mbwa jike anaitwa Popi, chotara wa Labrador, ana miaka 6. Alitolewa kizazi akiwa na miaka 2, wakati huo alikuwa na kilo 30. Juzi tumempeleka duka la nafaka kwenye mizani ya magunia, kilo 41! Sielewi maana tumempunguzia chakula, siku hizi anakula mara moja tu jioni, ugali na supu ya mifupa, asubuhi labda maziwa kama yamebaki. Mchana anakaa bandani, usiku tunamfungulia anazunguka kihamba chote, kina migomba, kahawa na miparachichi kama sita, kwa hiyo mazoezi anapata. Sasa hivi hata kupanda ngazi tatu za baraza anahema mpaka anakaa chini. Bibi anasema apewe dawa ya minyoo atakauka, jirani anasema ni kwa sababu ya kile kizazi na hamna dawa. Mi nimefikiria nimlaze njaa siku moja moja. Nifanyeje?"

Dada yangu, nimeisoma hii barua mara mbili, na kitu cha kwanza nataka nikwambie ni kwamba hujamfanyia Popi ubaya. Umeona anahema, ukambeba mpaka kwenye mizani, ukaandika namba, ukauliza. Watu wengi sana hapa Moshi na hata Arusha wanaona mbwa mnene ndo mbwa anayetunzwa, wanamsifia kabisa, mpaka siku goti linakataa ndo wanatafuta daktari. Wewe una namba mbili, kilo 30 na kilo 41, na hizo zinanisaidia kuliko maelezo yote mengine.

Kilo 11 juu ya 30 ni zaidi ya theluthi ya mwili wake. Chukulia wewe una kilo 60 halafu ufungwe mgongoni ndoo ya maji ya lita 20, uamke nayo, upike nayo, upande nayo ngazi, ulale nayo. Ndo anachobeba Popi. Na afadhali angekuwa amebeba mgongoni tu, mafuta mengine yamejaa kifuani na tumboni yanabana mapafu yasifunguke vizuri, mengine yako chini ya ngozi yanamzuia kupoa. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema, kwa hiyo mbwa mnene anahema mara mbili, anatafuta hewa na anatafuta kupoa kwa wakati mmoja. Hapo ndo unaona ngazi tatu zinamshinda.

Sasa tuje kwenye swali lako lenyewe, anakula mara moja na hapungui. Mwili haujui mara ngapi, unajua kiasi gani. Mbwa anaweza kula mara moja akapata chakula cha mbwa watatu, na mwingine akala mara tatu akapungua. Kwa hiyo tuache kuhesabu mara, tuhesabu kalori, yaani nguvu iliyoko ndani ya chakula.

Kwa mbwa ambaye anatakiwa awe na kilo 30, na tunataka apungue, tunampa kalori kama 900 kwa siku. Hiyo ndo nguvu ambayo mwili wa kilo 30 unatumia ukiwa umetulia, moyo kudunda, kupumua, joto la mwili. Tunapiga hesabu kwa kilo anazotakiwa kuwa nazo, sio alizonazo, hapa ndo wengi wanakosea.

Angalia sahani ya Popi. Unga wa mahindi gramu 100 una kalori kama 360, sembe au dona haipishani sana. Ukimsongea ugali wa unga gramu 300, ambao kwa macho ni ugali wa kawaida tu wa mbwa mkubwa, tayari ni kalori zaidi ya 1,000, siku imeisha hapo na bado hujamwagia supu. Supu ya mifupa nayo, hebu fanya hivi leo, iache ilale usiku mmoja, asubuhi funua sufuria. Utakuta juu kumeganda tabaka jeupe, gumu, unaweza ukalinyanyua na kijiko kama kifuniko. Hilo lote ni mafuta, na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ni kalori kama 120. Ukimwagia supu ya moto huyaoni, yameyeyuka, unaona maji tu. Maziwa nusu lita ni kalori 300 na kidogo. Yaani "anakula mara moja tu jioni" kumbe ameshavuka mara moja na nusu ya anachohitaji.

Ila mi bado sijafika kwenye kitu kilichonishtua kwenye barua yako. Miparachichi sita.

Niliwahi kuitwa Machame kwa mzee mmoja, mbwa wake dume mkubwa wa ulinzi alikuwa anazidi kuvimba na mzee ananiapia kwamba anampa kibakuli kimoja tu. Nilimwamini, maana kibakuli alinionyesha. Nikaomba nizunguke shambani. Nyuma ya banda, kwenye migomba, nikakuta kokwa za parachichi zimetapakaa, nyingi mno, zina alama za meno, na maganda yamelambwa mpaka yamekuwa karatasi. Kijana wa kulinda usiku akaniambia dokta huyu mbwa halali, analala chini ya ule mti, parachichi likianguka tu pu, ameshafika. Mzee alinyamaza, akaliangalia lile banda muda mrefu, alikuwa hajui kabisa, miezi yote ile alikuwa anampunguzia kibakuli mbwa ambaye anakula shambani.

Parachichi ni tunda lakini ndani limejaa mafuta, nyama yake gramu 100 ni kalori kama 160, na moja kubwa la huku kwetu linaweza kuwa na nyama gramu 200. Akila matatu usiku amemaliza kalori zake zote za siku kabla hata hujawasha jiko. Watu wanauliza je ni sumu, kwa ndege, mbuzi na sungura parachichi ni hatari kweli, mbwa anavumilia zaidi ingawa akizidisha anatapika au anaharisha. Kinachonitisha mimi kwa mbwa ni kokwa, akiimeza nzima inaweza kuziba utumbo na hapo ni upasuaji. Kwa hiyo kesho asubuhi zunguka kihamba taratibu, angalia chini ya kila mti, angalia na kinyesi chake kama kina rangi ya kijani au kinang'aa mafuta. Siwezi kukuapia kwamba ndo hiyo maana sijafika kwako, lakini mbwa anayefunguliwa usiku kwenye miparachichi sita halafu "hali kitu" anaongezeka, mi ningeanzia hapo.

Na hilo linatuleta kwenye mazoezi. Kufunguliwa usiku sio mazoezi. Mbwa mnene ukimfungulia anazunguka dakika kumi, anabweka kidogo, anatafuta pa kulala. Zaidi ya hapo, hata akitembea kweli, mazoezi hayaunguzi kama watu wanavyodhani. Kwa kukadiria mbwa anatumia kalori moja kwa kila kilo yake kwa kila kilomita, kwa hiyo Popi akitembea kilomita 3 ametumia kama 120, wakati chapati moja tu inazidi 200. Huwezi kumtembeza ukashinda chapati. Kilo zinapunguzwa na sahani, kutembea kunalinda misuli, viungo na moyo wakati sahani inafanya kazi yake. Vyote anavihitaji, ila usitegemee matembezi peke yake ukavunjika moyo bure.

Jirani yako ana nusu ya ukweli. Mbwa akitolewa kizazi homoni zinabadilika, mwili unatumia nguvu pungufu, kama robo hivi, na hamu ya kula inapanda. Kwa hiyo chakula kilekile alichokuwa anakula akiwa na miaka 2 kimekuwa kingi bila wewe kuongeza hata kijiko. Alipaswa kupunguziwa tangu wakati ule na pengine hakuna aliyekwambia. Lakini hiyo "hamna dawa" sio kweli, wanapungua vizuri tu. Wala usijute, ulimkinga na usaha wa kwenye kizazi ambao nimeona umeua majike wengi.

Kwa kuwa ana damu ya Labrador kuna jambo lingine. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge, Uingereza, waligundua kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro kwenye jeni moja, yaani kitu cha kurithi, kasoro ambayo inaenda na uzito mkubwa na kupenda sana chakula. Sijui kama Popi ni mmojawapo, ila akikuangalia na yale macho kama hajala wiki nzima, usimwone mwongo, inawezekana njaa anaisikia kweli. Ndo maana sitaki umlaze njaa. Ukimlaza njaa mwili unaanza kula misuli, na misuli ndo inayounguza kalori, na usiku huo atakwenda jalalani au kwa jirani, atakula mifupa ya kuku iliyopikwa inayochongoka, au machicha ya mbege ambayo yana pombe na mbwa pombe hawezi. Kesho yake utamwonea huruma umpe mara mbili.

Dawa ya minyoo ya Bibi apewe, ni kitu kizuri na wengi wanaisahau, lakini minyoo inakondesha, hainenepeshi. Kinachomchanganya Bibi nadhani ni tumbo, mtoto wa mbwa mwenye minyoo anakuwa na tumbo kubwa. Sasa hapa ujipime mwenyewe, ni rahisi. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vile vifundo, hivyo ndivyo mbavu za mbwa aliyekonda zinavyosikika. Nyoosha mkono, gusa mgongo wa kiganja chako pale kwenye vifundo, unasikia mifupa ila imefunikwa kidogo, huyo ndo mbwa sawasawa. Geuza, gusa upande wa ndani wa kiganja chini ya vidole, pale penye nyama, mbavu zikisikika hivyo au zisisikike kabisa, ni mafuta. Ukigusa Popi ukakuta mbavu zimechomoza na mgongo mkavu lakini tumbo ndo kubwa, basi huo sio unene, hapo usifuate chochote nilichoandika, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, inaweza kuwa maji tumboni yanayotokana na moyo au ini.

Haya, kama ni mafuta, chakula chake kiwe hivi. Unga wa dona gramu 100 usongwe ugali. Mapafu ya ng'ombe gramu 300, hayana mafuta mengi na bei yake bado mtu anamudu. Dagaa wakavu gramu 50, uwaoshe chumvi na mchanga, hao wanaliwa na mifupa yao kwa hiyo anapata na madini ya chokaa (kalsiamu). Karoti au boga gramu 200 zilizochemshwa, zinajaza tumbo kwa kalori chache. Jumla inacheza kwenye 870 mpaka 900. Usiweke mafuta ya kupikia, wala kitunguu, wala vitunguu saumu, hivyo vinaharibu damu ya mbwa. Supu unaweza kumwekea kidogo baada ya kuliondoa lile tabaka jeupe lote. Unaona kwamba ugali haujaondoka, umepungua, na nyama imepanda, maana akipungua tunataka mafuta yaondoke na misuli ibaki.

Kuhusu mapafu nakuomba sana, chemsha mpaka yaive kabisa, na ini vilevile. Huku Kaskazini ng'ombe, mbuzi na kondoo wengine wana vifuko vya maji kwenye mapafu na maini, ni watoto wa minyoo tegu, mbwa akila vibichi anaipata, afu kinyesi chake kinaleta mayai ambayo binadamu akiyameza yeye ndo anaota vile vifuko ndani ya mwili. Watoto wanaocheza na Popi ndo wako hatarini. Ukikuta kifuko usimpe mbwa, choma moto. Na kwenye dawa ya minyoo uliza yenye prazikwanteli, ndo inayoua tegu.

Usimbadilishie ghafla, chukua siku 7 mpaka 10, kila siku unapunguza cha zamani unaongeza kipya. Mgawie mara mbili, asubuhi na jioni, kalori ni zilezile lakini njaa haimuumi sana. Nikuambie ukweli, chakula hiki kinafaa kwa kazi ya kupunguza na daktari akikuangalia, kwa muda mrefu kina mapengo ya vitamini na madini, kwa hiyo ukifika kliniki uliza nyongeza ya kuchanganya. Kama mfuko unaruhusu chakula kikavu cha dukani, kile cha kupunguza uzito, nacho ni sawa na kina hesabu iliyokamilika, ila kipime kwa mizani ya jikoni, sio kikombe, kikombe cha mtu mmoja na cha mwingine havilingani kabisa.

Sasa watu wa nyumbani. Hii sehemu ndo inashindikana kuliko zote, sio kwa ubaya, ni kwa upendo. Bibi anakunywa chai Popi yuko miguuni, kipande cha ndizi, kipande cha chapati, mtoto naye anamwachia uji. Ukimkataza Bibi utamuumiza na ataendelea kwa kificho. Nilichoona kinafanya kazi ni kopo. Asubuhi chakula chote cha Popi cha siku kinawekwa kwenye kopo moja lenye kifuniko, na karoti zilizokatwakatwa ndani yake. Bibi akitaka kumpa kitu anachukua humo. Kopo likiisha limeisha kwa kila mtu. Bibi bado anampa, Popi bado anapokea kutoka mkononi mwake, ila kalori hazijaongezeka. Maziwa yaishie kwenye chai yenu.

Na usiku, mpaka msimu wa maparachichi uishe, ama okoteni yaliyoanguka jioni kabla ya kumfungulia, ama mzungushieni waya upande wa mbele wa nyumba asifike kwenye miti. Kuokota peke yake mara nyingi hakutoshi maana mengine yanaanguka saa nane usiku mmelala.

Matembezi anza na dakika 10 asubuhi na 10 jioni, kwa kamba, mwendo ambao anahema kidogo lakini anaendelea. Kila wiki ongeza dakika 5. Saa 12 na nusu asubuhi ni muda mzuri, jua la mchana usijaribu, hasa mkishuka mjini Moshi kwenye joto. Kibosho ni milima, najua, tafuta kipande tambarare kwanza, kushuka mteremko mkali na kilo 41 kunaumiza magoti, na mbwa wanene kano ya goti hukatika kirahisi. Akichechemea simamisha. Mkirudi mpapase masikioni, shingoni na katikati ya vidole mtoe kupe, na kama chanjo ya kichaa cha mbwa imepita mwaka apate kwanza kabla hajaanza kukutana na mbwa wa njiani.

Mpime kila baada ya wiki mbili, mizani ileile, kabla hajala. Tunataka apungue asilimia 1 mpaka 2 kwa wiki, kwa Popi ni gramu 400 mpaka 800. Ukipiga hesabu ni kama miezi 4 mpaka 7 kufika 30, sio mwezi mmoja, na ni sawa kabisa. Wiki mbili zikipita namba haijasogea, kwanza chunguza nani anampa nini, afu ndo upunguze chakula kwa sehemu moja ya kumi. Akipungua kwa kasi zaidi ya hapo mwongezee. Ukiona safari ni ndefu kumbuka kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, walichukua Labrador 48 tangu wadogo, nusu wakala robo pungufu ya wenzao maisha yao yote, na hao waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi na viungo vyao vilichelewa kuchakaa.

Dawa za binadamu za kupunguza mwili na yale majani ya chai usimpe hata tone.

Sasa mimi sijamgusa Popi, na kuna vitu lazima daktari amguse. Kwa jinsi anavyokaa chini baada ya ngazi tatu, ningependa asikilizwe moyo na mapafu kabla hujaanza matembezi, chakula unaweza kuanza leo. Mwambie pia daktari kama anakunywa maji mengi na kukojoa sana kuliko zamani, kama manyoya yanapungua pande zote mbili za mwili, kama anatafuta joto na amekuwa mzito wa kuamka, au kama aliwahi kupewa vidonge vya kuwashwa ngozi kwa muda mrefu, maana kuna dawa zinazoongeza njaa, na kuna maradhi ya tezi ya shingoni na ya tezi zilizo juu ya figo ambayo yananenepesha mbwa hata chakula kikiwa sahihi, hayo yanapimwa kwa damu. Kama huna daktari karibu anza na afisa mifugo wa kata, atakuelekeza.

Usisubiri miadi kama ulimi au fizi zinageuka bluu au kijivu, kama anakohoa usiku na hawezi kulala chini, kama ameanguka, au kama anatapika mfululizo na hapati choo, hapo kwa mbwa wa kwenye miparachichi mi nafikiria kokwa moja kwa moja, na mwambie daktari hivyo ukifika mlangoni.